Dalali wa Nyumba na Viungo vya Kununua

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari za shinikizo la damu kwa wajawazito. Tumeziweka kando mpaka toleo lijalo kwa ajili ya mwenzetu mmoja aliyetujia jioni, karatasi mkononi, na uso wa mtu ambaye hajalala.

Mwenzetu huyu ni mjane, anaishi Dodoma, na kazi yake ni udalali wa nyumba. Kazi hiyo imekua sana pale mjini tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamishia watumishi wake kutoka Dar es Salaam. Wanaohamia hutafuta vyumba Area C, Kisasa, Ilazo, Nkuhungu na Iyumbu, na wengi wao huanza kutafuta kabla hawajafungasha mizigo, yaani wakiwa bado kwao, simu mkononi. Mpangaji akikubali nyumba, dalali hupata malipo sawa na kodi ya mwezi mmoja. Asipompata mpangaji, hapati kitu, hata kama amezunguka juani wiki nzima na viatu vimeisha soli.

Mwaka jana mwanawe aliye chuoni alimtengenezea tovuti. Ilikuwa nzuri, ina picha za nyumba, namba ya simu na kila kitu, ila haikuonekana. Mtu akiandika katika Google maneno “nyumba ya kupanga Dodoma” zinatokea tovuti za makampuni makubwa, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ya kwake haipo. Ndipo akaja kijana mmoja, mwenye adabu sana, “Shikamoo mama” nyingi, akamwambia shida ni moja tu: tovuti yake haina viungo. Angempatia viungo 2,000 kwa shilingi 400,000, nusu mbele na nusu baadaye. Mama akatoa 200,000. Wiki sita zikapita, simu haikulia zaidi ya ilivyokuwa ikilia. Kijana akarudi na karatasi yenye grafu inayopanda kama mlima, akadai nusu ya pili. Nusu hiyo, wapendwa, ndiyo ada ya mtoto wake wa mwisho.

“Dada,” akatuuliza, “nimalizie au nisimalizie?”

Hatukumjibu siku ile. Katika uuguzi tumezoea kutompa mtu dawa ambayo hatujasoma karatasi yake. Tulisoma, tukauliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa sababu tunajua kwamba wasomaji wetu wengi siku hizi wanauza vitu mtandaoni, wawe wa vitenge, wa keki au wa nyumba, na vijana wenye karatasi za grafu hawaishi.

Kwanza neno lenyewe. Kiungo kwetu wauguzi ni goti na kiwiko, na kwa mpishi ni iliki na mdalasini. Katika intaneti kiungo ni yale maneno yaliyoandikwa kwa rangi tofauti, au picha, ambayo ukiyagusa yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Shule ikiandika katika tovuti yake, “Walimu wageni wanaotafuta nyumba wamwone mama fulani,” na maneno hayo yakigusika, basi shule imempa mama huyo kiungo. Hicho ndicho kijana alichokuwa akikiuza, tena kwa jumla.

Kwa nini kiwe na thamani? Hapa yatupasa kurudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 1990 mitambo ya kutafuta, kwa mfano AltaVista iliyoanza mwaka 1995, ilitazama zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Wajanja wakagundua hilo upesi. Aliyetaka kuuza nyumba aliandika neno “nyumba” mara mia mbili chini ya ukurasa, kwa wino mweupe juu ya karatasi nyeupe, msomaji asilione ila mtambo ulione. Matokeo yakawa ovyo.

Ndipo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, kule California, Larry Page na Sergey Brin, wakaanza mwaka 1996 kazi waliyoiita BackRub. Wazo lao lilitokana na desturi ya wanazuoni. Makala ya kitaalamu inayotajwa na makala nyingine nyingi huhesabiwa kuwa na uzito, kwa kuwa wenzake waandishi wameona inafaa kutajwa. Wao wakasema, basi na ukurasa wa mtandaoni upimwe hivyo hivyo, si kwa yale unayojisemea bali kwa kurasa zinazouelekezea kidole. Kipimo chao kikaitwa PageRank, kwa jina la Page mwenyewe, na mwaka 1998 kampuni yao ya Google ikaandikishwa.

Tafadhali tuvumilieni katika hesabu ifuatayo, si ngumu kuliko kugawa dozi. Si kila kiungo kina uzito sawa. Ukurasa wenye heshima kubwa hutoa heshima kubwa, na ukurasa usiojulikana hutoa kidogo. Tena ukurasa hugawa heshima yake kwa wote unaowaelekezea. Tuseme ukurasa fulani una uzito wa 12. Ukielekeza kwa watu 3, kila mmoja anapata 4. Ukielekeza kwa watu 600, kila mmoja anapata 0.02, ambayo ni kama chumvi ya kunusa. Kwa kweli kanuni yao ilipunguza kidogo kiasi kinachopitishwa kila hatua, lakini mgawanyo ndio huo. Sasa jiulize wewe mwenyewe, viungo 2,000 vya shilingi 400,000, yaani shilingi 200 kila kimoja, vinaweza kutoka kwenye kurasa za namna gani?

Sisi tunaona ni kama rufaa. Mgonjwa anayefika na karatasi kutoka kwa daktari anayejulikana hupokelewa kwa namna yake. Anayefika na karatasi 50 zilizoandikwa na mtu mmoja dukani, kwa mwandiko mmoja, naye hupokelewa kwa namna yake.

Jambo jingine ni maneno yanayobeba kiungo. Kiungo kilichoandikwa “bofya hapa” hakielezi kitu. Kilichoandikwa “nyumba za kupanga Kisasa” kinauambia mtambo kwamba huko unakokwenda kuna nyumba za kupanga Kisasa. Nguvu ya maneno hayo ilionekana mwaka 2003, watu wengi walipokubaliana kuelekeza viungo vyenye maneno ya kumdhihaki kwenye ukurasa wa wasifu wa Rais George W. Bush. Aliyeandika maneno yale katika Google alipelekwa kwenye wasifu wa rais, ingawa ndani ya ukurasa ule dhihaka ile haikuwamo hata mara moja. Google walirekebisha jambo hilo Januari 2007.

Mara walioishi kwa kutafutwa walipojua kwamba viungo ni kura, wakaanza kuzitengeneza hizo kura. Na katika orodha ya waliovutwa na mchezo huo, madalali wa nyumba wa Marekani hawakukosekana. Haishangazi. Nchi ile ina mawakala wa nyumba wengi kupita kiasi, chama chao kikubwa peke yake kina wanachama zaidi ya milioni moja, na wengi wao ni mtu mmoja mmoja, kama mwenzetu wa Dodoma, anayeishi kwa kamisheni. Nyumba moja ikiuzwa, familia imekula miezi kadhaa. Kwa hiyo kuonekana juu au chini katika matokeo ni suala la kula au kulala njaa.

Mchezo wao ulikuwa wa kubadilishana. Wakala wa Florida aliandika kiungo cha wakala wa Oregon, wa Oregon akaandika cha Florida, wote wawili wakawaandikia wa Texas na Arizona. Kila tovuti ilikuwa na ukurasa mmoja mrefu wenye majina ya mawakala wa majimbo yote, mamia kwa mamia. Hakuna mteja aliyeusoma. Ni nani anayetafuta nyumba Miami, akatamani kujua dalali wa Portland? Wengine walitengenezewa tovuti na kampuni ile ile, zikafanana kama sare za shule, na chini ya kila moja pakawa na viungo vya kampuni na vya wateja wake wengine. Kwa muda mchezo uliwalipa wengi, tusifiche. Aliyekuwa na viungo vingi vya namna hiyo alipanda juu, na aliyekataa kucheza akabaki chini akimtazama mwenzake akiuza. Tunawaza hata sisi tungefanyaje.

Lakini Google nao hawakulala. Novemba 2003 walibadilisha kanuni zao kwa kishindo, na tovuti nyingi za biashara ziliamka asubuhi zikajikuta hazipo zilipokuwa, wakati watu wakijiandaa kwa mauzo ya Krismasi. Januari 2005, Google pamoja na Yahoo na Microsoft walikubaliana kuhusu alama ambayo mwenye ukurasa anaweza kuibandika kwenye kiungo ili kusema, “Nimekiweka, lakini simdhamini.” Mei 2006 mhandisi wa Google aitwaye Matt Cutts alieleza hadharani kwa nini tovuti fulani zilikuwa zimepotezewa kurasa. Alitaja kubadilishana viungo kupita kiasi, kununua na kuuza viungo, na kuelekeza watu kwenye vijiwe vibaya vya mtandao, na mojawapo ya mifano yake ilikuwa tovuti ya nyumba iliyojaza viungo vya mambo yasiyohusiana na nyumba hata kidogo. Kisha Aprili 2012 likaja badiliko walilolipa jina la ndege Penguin, lililowashukia hasa waliotengeneza viungo vya uongo. Google walisema liligusa kiasi cha asilimia 3.1 ya maulizo ya Kiingereza. Ni tarakimu ndogo mpaka uwe wewe uliyemo ndani yake. Watu waliolipa fedha ili kuwekewa viungo sasa walianza kuandika barua za kuomba viondolewe, na wako wenye tovuti waliodai walipwe tena ili kuviondoa! Oktoba mwaka huo huo Google wakatoa njia ya kuvikana viungo mtu asivyovitaka.

Tangu mwaka 2016 mambo ni mapole zaidi, ingawa kwa mnunuzi ni hasara ile ile. Mara nyingi sasa mtambo hauiadhibu tovuti nzima, unavipuuza tu vile viungo vya uongo kana kwamba havikuwekwa. Adhabu ya mkono wa mtu bado ipo kwa waliozidisha, lakini kwa wengi kinachotokea ni kimya. Umetoa fedha, umepewa orodha ndefu, na hakuna kilichotokea. Hapo tuliielewa ile simu isiyolia ya mwenzetu.

Basi tukarudi kwake Jumamosi, tukaketi naye chini ya mwembe wake, mwanawe yupo na kompyuta yake. Google wana huduma ya bure iitwayo Search Console, ambayo mwenye tovuti anaweza kujiandikisha akaona ni kurasa zipi zinazomwelekezea. Mtoto akaifungua. Tukatazama orodha. Ilikuwa kurasa za kamari, kurasa za dawa za nguvu za kiume, kurasa za lugha ambazo hakuna kati yetu aliyezitambua, nyingine hazifunguki kabisa. Katika zote hizo hapakuwa na hata moja ya Dodoma. Mama akaziba mdomo. “Jina la baba yao liko pale,” akasema, kwa maana tovuti aliipa jina la ukoo wa marehemu mumewe. Tulimweleza kwamba si yeye aliyeyaandika na hakuna mpangaji atakayeyaona. Lakini tulielewa kilichomuuma, na hakikuwa shilingi 200,000 peke yake.

Na grafu ya kijana je? Iliandikwa kwamba “alama ya mamlaka” ya tovuti imepanda kutoka 3 hadi 19. Alama hiyo ni ya kampuni binafsi inayokisia kwa vipimo vyake yenyewe. Si ya Google, na Google wamesema hawaitumii. Kijana aliahidi pia kupandisha PageRank. Zamani mtu aliweza kuiona tarakimu yake, kuanzia 0 hadi 10, katika kidirisha kidogo, lakini Google waliacha kuionyesha kwa umma mwaka 2016. Mtu anayekuuzia leo ongezeko la kitu ambacho hakuna mtu wa nje anayeweza kukiona, mwangalie vizuri. Hatusemi kijana ni mwizi. Huenda naye amefundishwa hivyo, akaamini.

“Kwa hiyo viungo ni bure tu?” mama akauliza.

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapotoka shimo moja na kuingia jingine. Viungo bado vina kazi. Wahandisi wa Google wenyewe wamesema miaka ya karibuni kwamba uzito wake umepungua kuliko zamani, kwa kuwa mtambo sasa unatazama mambo mengi, lakini haukufutika. Tofauti ni kwamba kiungo chenye faida kwa dalali ni kile ambacho kingewekwa hata kama Google isingekuwapo.

Tukamwomba asahau kwanza maneno “nyumba ya kupanga Dodoma.” Hapo atashindana na tovuti kubwa zinazoorodhesha nyumba za nchi nzima, zenye viungo vya miaka mingi. Hata kule Marekani wakala mmoja mmoja hushindwa na tovuti kama Zillow, iliyofunguliwa mwaka 2006, katika maneno mapana ya namna hiyo. Lakini ni nani anayeijua Iyumbu kuliko mwanamke anayeizunguka kila siku kwa miguu? Anajua maji yanatoka siku zipi, bodaboda wanatoza kiasi gani mpaka Chuo Kikuu cha Dodoma, barabara ipi inakuwa tope mvua ikinyesha, mwenye nyumba yupi anakubali kodi ya miezi mitatu na yupi anataka sita kwa mkupuo. Hayo hayamo katika tovuti kubwa. Mtu anayeandika “chumba na sebule Iyumbu karibu na chuo” anamtafuta yeye.

Na hapa tuligundua kosa ambalo si la kijana bali la tovuti yenyewe. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake, na nyumba ikipangishwa mtoto aliufuta ukurasa. Kwa duka la vitenge si hoja sana, lakini kwa dalali ni kujimwagia maji. Mtu akiwa amekuwekea kiungo kwenye ukurasa ule, kiungo kile sasa kinaishia ukutani, na uzito wake umepotea. Nyumba inakaa sokoni wiki 2, mtaa unakaa miaka yote. Kwa hiyo viungo viombwe kwa ajili ya ukurasa wa mtaa, usiofutwa, na nyumba ziwe zinaingia na kutoka ndani yake. Ukurasa wa nyumba iliyokwisha kupangishwa usifutwe hivi hivi, uelekezwe kwenye ukurasa wa mtaa wake. Mtoto alifanya kazi hiyo usiku mmoja, tukamsifu.

Kisha mama akaandika. Hakutaka, akasema yeye si mwandishi. Tukamwambia atuambie kwa mdomo, sisi tukaandika: mpangaji mgeni aangalie nini kabla ya kulipa, mita ya umeme ni ya peke yake au ya kushirikiana, choo kiko ndani au nje, mkataba uwe na nini, mwenyekiti wa mtaa aonwe lini. Ukurasa ukawa mrefu kuliko makala hii. Baadaye akauonyesha kwa chuo kimoja cha pale mjini ambacho kila mwaka hupokea wanafunzi wasiopata nafasi bwenini, nao wakauweka katika tovuti yao, sehemu ya wanafunzi wapya. Shule moja binafsi ikafuata, kwa ajili ya walimu wake. Kampuni ya magari ya kuhamisha mizigo ambayo yeye huwapelekea wateja nayo ikamtaja. Viungo vitatu katika miezi minne. Tunawataja kwa idadi msije mkadhani ni kazi ya siku mbili.

Hapo mwanawe aliuliza swali zuri. Je, ile kampuni ya magari wakiiwekea kiungo nao, si ndio mchezo ule ule wa Florida na Oregon? Kwa maoni yetu, hapana. Google wanakataza kubadilishana kupita kiasi kwa nia ya kupanda. Dalali kumtaja mwenye gari anayemtumia kweli ni jambo ambalo mpangaji analihitaji. Akianza kuwataja wenye magari 80 wa mikoa asiyoijua, hapo amehamia Oregon.

Wengi mtauliza habari za WhatsApp na Instagram, maana madalali wetu karibu wote wako huko. Zitumieni, zinaleta watu. Ila mjue kwamba kiungo ulichokituma katika kundi la WhatsApp mtambo wa Google haukioni, kwani kundi ni chumba kilichofungwa. Cha Instagram na Facebook kwa kawaida hubeba ile alama ya “simdhamini.” Kwa hiyo picha 100 za nyumba katika Instagram zinaweza kukupa wateja 10 wiki hii na zisiisogeze tovuti yako hata hatua moja. Ni kazi mbili tofauti.

Ipo pia ramani. Mtu akitafuta “dalali wa nyumba” akiwa Dodoma, Google humwonyesha ramani yenye majina machache. Kujiandikisha huko ni bure. Google wenyewe wanasema wanatazama mambo matatu: kama biashara inahusiana na kilichoulizwa, umbali, na umaarufu wake, na katika umaarufu huo wanahesabu viungo, kutajwa sehemu mbalimbali, na maoni ya wateja. Mama alikuwa hajajiandikisha kabisa. Shilingi 200,000 zimekwenda kwenye kurasa za kamari, na mlango wa bure ulikuwa wazi miaka yote!

Sasa neno kwa ninyi mnaotafuta nyumba, si mnaopangisha. Mtambo unapima kutajwa, haupimi uaminifu. Google haijawahi kugonga hodi katika nyumba yoyote ya Nkuhungu. Matokeo ya juu kabisa yenye alama ya tangazo yamelipiwa, na yanayofuata yako pale kwa sababu ya maneno, viungo na mengine tuliyoyaeleza. Tulimhudumia kliniki msichana aliyelipia chumba kwa simu kabla ya kukiona, kwa vile tovuti ilitokea ya kwanza. Alipofika na begi lake, mwenye nyumba hakumjua dalali wala yeye. Usilipe kabla hujaingia ndani ya nyumba na kumwona mwenyewe au mtu wake anayetambulika mtaani. Ukinunua kiwanja, fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, hata kama dalali ni binamu yako. Kwa walioko Kenya, wakala wa nyumba anapaswa kuwa amesajiliwa na bodi ya mawakala kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo ulizeni usajili.

Turudi kwa mwenzetu. Tovuti yake haijafika ukurasa wa kwanza kwa “nyumba ya kupanga Dodoma,” na huenda isifike. Kwa Iyumbu iko ya pili, kwa Ilazo ya nne au ya tano, inapanda na kushuka. Mwezi uliopita alipangisha vyumba 6, na 4 kati ya hao walisema walimwona mtandaoni. Ada ya mtoto imelipwa, nusu yake.

Kijana wa grafu alipiga simu tena wiki iliyopita kudai fedha yake. Mama alimpitishia simu mwanawe, akamwomba kijana amsomee, polepole, majina ya tovuti 10 tu kati ya zile 2,000. Kijana alisoma tatu.